Naiti za Leba na Hofu ya Saratani

*Bibi,*

*Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 41, niko hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Nina watoto wanne, wote nimewanyonyesha hadi miaka miwili. Kwa miaka 14 nimekuwa nikipangiwa naiti leba karibu kila mwezi. Mwaka huu mwenzetu wa wodi ile ile ameondolewa titi. Haikupita wiki, ikaingia sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Mtu anayejiita daktari anasema taa za usiku zinaua homoni ya melatonini, na muuguzi aliyefanya naiti zaidi ya miaka kumi anaibeba saratani tayari, anasubiri tu ijitokeze. Tangu siku hiyo silali usiku wala mchana.*

*Mume wangu anataka niache kazi, lakini ada za watoto wawili zinatoka kwenye mshahara wangu. Mdogo wetu wa miaka sita nimemzimia taa ya chumbani, analia kila siku. Nimenunua vidonge vya melatonini kwa mwenzangu aliyeletewa kutoka Marekani. Nameza kimoja, siku nyingine viwili. Naona kama nimejichimbia kaburi kwa kutafuta riziki. Niache kazi? Na hivi vidonge vinarudisha kilichopotea?*

*Halafu kuna kitu kigumu kidogo kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa, tangu kabla ya Pasaka. Hakiumi. Sijamwonyesha mtu. Hospitali yetu ni ndogo, kila mtu atajua.*

*Muuguzi wa Naiti*

Mwanangu, pole kwa hayo yote.

Umeandika sana kuhusu taa, na kuhusu hicho kitu cha titini umeandika mstari mmoja au miwili, tena ukauweka mwisho kabisa, baada ya swali la vidonge. Mimi naanza na huo wa mwisho. Mama akija leba akakusimulia maumivu ya kiuno nusu saa nzima, kisha anapojifunga kanga aondoke akasema, "Ila mtoto hajacheza tangu juzi," utamwacha aende? Utamrudisha kitandani kabla hajafika mlangoni. Basi na wewe panda kitandani.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Kuna vifuko vya maji, kuna vinundu visivyo na madhara, kuna tezi za kwapa zinazovimba kwa sababu ya kidonda cha mkononi. Lakini kitu kigumu kilichokaa miezi bila kuondoka, kwa mwanamke wa miaka 41, hakiachwi kwa kubahatisha. Kutouma kwake kusikutulize, maana saratani ya titi inapoanza mara nyingi haiumi. Kinatakiwa kipite kwenye mkono wa daktari, kisha picha, yaani altrasaundi na mamografia wakiona inafaa, kisha sindano ya kuchukua kinyama kipelekwe maabara. Jibu linatoka huko. Hata ungelala kwenye giza la namna gani, giza halitakuambia hicho ni kitu gani.

Umesema kila mtu atajua. Nakuelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu nami nimefanya kazi mahali ambapo faili la mtumishi linapita mikononi mwa watu anaokunywa nao chai. Basi usipimwe hapo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wanatibu saratani, na kwenye jiji kama hilo hakuna atakayemshangaa mwanamke mmoja zaidi kwenye benchi. Omba ruhusa ya siku mbili, mwambie matroni una jambo la kifamilia, jambo ambalo si uongo. Chukua kadi ya bima. Mume wako aende nawe. Huyo anayetaka uache kazi kwa kukuhofia, mpe kitu cha kufanya na hofu yake. Na iwe wiki hii, si baada ya mitihani ya watoto wala mwisho wa mwezi. Kule Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanawake wengi wanafika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na si wachache kati yao walikuwa wamekigusa kitu mapema, wakanyamaza.

Kama umeshapanga siku ya safari, endelea kusoma. Kama bado, panga kwanza.

Haya, taa. Sauti ile imeanzia kwenye jambo la kweli, ndiyo maana imekushika namna hiyo. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo, pineali, isiyofika hata sentimita moja. Giza likiingia inaanza kumwaga melatonini kwenye damu, kiwango kinapanda hadi kilele chake kati ya saa nane na saa kumi usiku, kisha kinashuka kuelekea asubuhi. Aliyeitenga homoni hiyo, mwaka 1958, ni Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeitoa kwenye tezi za ng'ombe akitafuta dawa ya ngozi. Ngozi haikupata kitu kikubwa. Kazi ya melatonini ni kuutangazia mwili mzima kwamba usiku umeingia.

Na mwanga unaikatiza. Alfred Lewy na wenzake walilionyesha hilo kwa binadamu mwaka 1980, wakitumia mwanga mkali. Baadaye ikagundulika kwamba nyuma ya jicho kuna chembe ambazo hazina kazi kubwa ya kutuonyesha sura za watu. Zinapima mwanga na kupeleka taarifa kwenye saa ya mwili iliyo ubongoni, na zinashtuliwa zaidi na mwanga wa buluu, ule unaotoka kwa wingi kwenye taa nyeupe za LED na kwenye vioo vya simu. Wala haihitaji mwanga wa kutisha. Utafiti mmoja wa Boston uliotoka mwaka 2011 uliwaweka watu jioni kwenye mwanga wa kawaida wa chumbani, chini ya laksi 200, na muda wao wa melatonini ukafupika kwa dakika 90 hivi. Laksi ndicho kipimo cha mwanga unaofika mahali: mwezi mpevu hautoi hata laksi moja, mshumaa ulio mita moja kutoka usoni unatoa moja hivi, na nje ya wodi yako saa nne asubuhi, hata kukiwa na mawingu, ni maelfu kwa maelfu.

Kutoka hapo hadi saratani kuna safari ndefu, na mtu wa WhatsApp ameiruka yote. Mwaka 1987 Mmarekani Richard Stevens aliandika makala akiuliza swali: nchi zenye umeme mwingi zina saratani ya titi nyingi, je, taa inaweza kuwa sehemu ya sababu? Melatonini ikipungua, huenda homoni ya estrojeni ikapata nafasi zaidi ya kuchochea titi. Lilikuwa swali, na wenzake wakalichukua wakaenda nalo maabara.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la David Blask, la mwaka 2005. Walipandikiza saratani ya titi ya binadamu kwenye panya, kisha wakapitisha ndani ya uvimbe huo damu ya wanawake waliojitolea, iliyotolewa nyakati tatu: mchana, usiku wakiwa gizani, na usiku baada ya kukaa kwenye mwanga mkali. Damu ya gizani, yenye melatonini nyingi, ilipunguza kasi ya ukuaji wa uvimbe. Damu ya mchana na ile ya kwenye mwanga hazikuupunguza. Kulisoma jaribio hilo kunasisimua, sikufichi. Ukiongeza na tafiti za Uswidi, Norwe na Ufini, zilizokuta saratani ya titi pungufu kwa wanawake wasioona kabisa, ambao taa haziwafikii, unaona kwa nini watu wenye akili timamu walilichukulia swali la Stevens kwa uzito.

Lakini panya wa maabara hana zamu, hana watoto wanne, halali mchana jirani akitwanga. Kwa hiyo wakawatazama wauguzi.

Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani uliotoka mwaka 2001 ulifuatilia wanawake 78,562. Waliofanya naiti za kupokezana kwa mwaka mmoja hadi 14 walikuwa na saratani ya titi zaidi kwa asilimia 8 kuliko wasiofanya kabisa, tofauti ndogo kiasi kwamba inaweza kuletwa na bahati tu. Waliofanya miaka 15 hadi 29 walikuwa hivyo hivyo. Waliovuka miaka 30 ndio waliozidi kwa asilimia 36.

Itazame hiyo 36 vizuri, maana ndiyo inayozungushwa kwenye simu. Haisemi wanawake 36 katika 100 waliugua. Tuseme kuna kundi la wanawake ambamo, bila naiti, 10 katika 100 wangepata saratani ya titi maishani. Ongeza asilimia 36 juu ya hao 10, unapata 13 au 14. Wale 86 wengine wamefanya naiti miaka 30 na hawakuipata. Sisemi watatu au wanne ni wachache, kila mmoja ana jina na wanawe. Nasema tu kwamba mtu aliyekwambia unaibeba tayari hajawahi kuisoma namba hiyo, au ameisoma akaipuuza kwa sababu haitishi vya kutosha.

Halafu namba zikaanza kugombana. Wauguzi wale wale walipofuatiliwa miaka 24, kwenye matokeo yaliyotoka mwaka 2017, ongezeko halikuonekana tena. Likaonekana kwa kundi jingine la wauguzi wadogo zaidi kiumri, wale walioanza naiti wakiwa mabinti na kuzifanya miaka 20 au zaidi. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Oxford walikuwa wamejumlisha tafiti kumi zenye wanawake wapatao milioni 1.4, wakakuta hakuna tofauti kati ya wafanya naiti na wengine. Wapinzani wao wakajibu kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa wameshastaafu, naiti zao ni za zamani, kwa hiyo hatari ya karibuni isingeonekana. Ubishi huo bado unaendelea, na nadhani pande zote mbili zina hoja.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO huko Lyon, liliweka kazi za zamu zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi liitwalo 2A mwaka 2007, na mwaka 2019 likalipitia suala upya likabaki na uamuzi ule ule: huenda naiti zinasababisha saratani. Kundi hilo linapima uzito wa ushahidi. Ukubwa wa hatari ni jambo lingine kabisa. Nyama nyekundu imo humo humo. Vinywaji vya moto kuliko digrii 65 vimo pia, na hapo nakugusa: chai ya naiti inayochemshwa hadi itoe mvuke na kunywewa kabla mtoto mwingine hajaja, iache ipoe kidogo. Saratani ya umio iko nyingi kwenye ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, na chai ya moto ni moja ya mambo yanayoshukiwa. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kunitumia sauti ya WhatsApp kuhusu kikombe cha chai.

Denmark, kwa upande wao, hawakusubiri ubishi uishe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 walianza kuwalipa fidia baadhi ya wanawake waliougua saratani ya titi baada ya miaka mingi ya naiti na ambao hawakuwa na sababu nyingine inayojulikana. Malipo hayo si ushahidi wa kisayansi. Lakini nawaheshimu, kwa sababu waliona kama shaka ipo, isibebwe na muuguzi peke yake.

Ukiniuliza mimi ninaamini nini, naamini miaka mingi sana ya naiti huenda inaongeza hatari kidogo, hasa kwa aliyeanza mapema. Sidhani taa peke yake ndiyo mkosaji. Mfanya naiti analala vibaya, anakula ugali saa nane usiku, ananenepa, anakosa mazoezi, na saa yake ya mwili inavutwa huku na huku kila rosta ikibadilika. Ni vigumu kulitoa jambo moja kati ya hayo ukalihukumu. Miaka yako 14 iko kwenye lile kundi ambalo wauguzi wa Marekani hawakuonyesha tofauti ya maana. Na kuna hesabu ya upande wa pili ambayo sauti ile haikukutajia. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wa tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3, na kila uzazi unaipunguza kwa asilimia 7 zaidi. Wewe umezaa wanne na kunyonyesha miaka minane.

Usichukue hesabu hiyo ukaifanya sababu ya kutokwenda Bugando. Hizi ni namba za makundi, na kundi halijui kitu kuhusu titi lako la kushoto.

Kuna kauli moja kwenye barua yako iliyonikera, na nakusema kwa upendo: kwamba umejichimbia kaburi kwa kukaa kwenye taa. Mwanangu, ni taa ipi? Wakunga wa umri wangu wanakumbuka kuzalisha kwa kibatari, kisha kwa tochi ya simu iliyoshikwa kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Vituo vingine hali hiyo haijaisha. Mama anavuja damu baada ya kujifungua, unataka kujua damu inatoka kwenye msamba au inatoka juu kwenye kizazi, na kwenye giza zote ni nyeusi. Unapapasa. Unabonyeza tumbo ukisubiri kondo, husikii chochote isipokuwa matone yanavyoanguka kwenye beseni, na hujui ni kikombe kimoja au vitatu. Waliotuletea paneli za sola kwenye zahanati walituletea rangi nyekundu. Taa uliyosimama chini yake miaka 14 ndiyo iliyokuwezesha kuona uzi wakati wa kushona na kuona midomo ya kichanga ikibadilika rangi. Kwa hiyo usije ukapunguza mwanga wa leba kwa ajili ya melatonini yako. Kitanda cha mzazi kiwe na mwanga wote kinaohitaji. Kinachoweza kupunguzwa ni taa ya chumba cha mapumziko, na ile simu unayoiwasha saa tisa usiku kutazama video.

Sasa kuacha kazi. Sikushauri uache kazi kwa sababu ya ile sauti. Kukosa mshahara, kukosa bima ya afya, ada kusimama, hayo ni madhara ya uhakika, na unataka kuyabadilisha kwa faida ambayo wanasayansi bado wanabishana kama ipo. Mwambie baba watoto nimesema hivyo, na kama hakubaliani aniandikie naye. Lakini kati ya kuacha kazi na kuendelea hivi hivi kuna nafasi kubwa, na hiyo unaweza kuidai.

Mwaka 2020 kundi la wataalamu wa Ulaya lilipendekeza naiti zisizidi tatu mfululizo, zamu isizidi saa tisa, na kati ya zamu na zamu ziwepo saa 11 za kupumzika. Najua utacheka ukiifikiria rosta yenu yenye wauguzi wanne, na zamu ya saa 12 kwenu ni jambo la kawaida. Anza na moja: naiti zipangwe chache chache, mbili au tatu pamoja, badala ya wiki nzima kwa mtu mmoja. Rosta ikizunguka, izunguke kwenda mbele, asubuhi, mchana, kisha usiku. Mwili unaufuata mwelekeo huo kwa urahisi kuliko kurudishwa nyuma. Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kazi ya usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inataka ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa saa hizo, inamkataza mwajiri kumpangia naiti mjamzito katika miezi miwili ya mwisho, na inamlinda mfanyakazi ambaye daktari amethibitisha kuwa kiafya hawezi kazi ya usiku. Ikitokea daktari akaona huwezi naiti kwa muda, mwombe aandike, na barua hiyo iingie kwenye faili.

Baada ya naiti, hatari kubwa kuliko zote ni ile ya kurudi nyumbani. Usisinzie nyuma ya bodaboda. Kama macho yanafumba, lala nusu saa kwenye chumba cha zamu kabla hujaondoka. Ukifika, oga, kula kidogo, lala kwenye giza la kweli. Pazia jepesi halitoshi kwa jua la Kanda ya Ziwa. Tundika blanketi dirishani au funga kitambaa cheusi machoni. Simu izimwe, na watoto wajue mama akilala mchana haamshwi kwa sababu sukari imekwisha. Siku ambazo huna naiti, toka nje asubuhi upigwe na mwanga, kwani saa ya mwili hurekebishwa na mchana mkali kama inavyorekebishwa na usiku wenye giza.

Na maadam tunazungumza saratani, nisikuache bila kukukumbusha unachowafundisha wenzako kila wiki. Hapa Tanzania saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya shingo ya kizazi. Ukienda kupima titi, pima na hiyo siku hiyo hiyo. Kama una binti wa umri wa chanjo ya HPV dhidi ya saratani hiyo, inayotolewa nchini kwa wasichana tangu mwaka 2018, hakikisha ameipata. Hiyo ni kinga isiyohitaji ubishi wa Oxford na Lyon.

Mtoto mrudishie taa yake. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya laki moja walioulizwa chumba chao cha kulala kina mwanga kiasi gani usiku, na hawakuona uhusiano na saratani ya titi. Zipo pia tafiti, kama moja ya Israeli ya mwaka 2008, zilizotazama picha za setilaiti na kukuta sehemu zenye taa nyingi usiku zina saratani ya titi nyingi. Mimi tafiti za namna hiyo nazisoma kwa tahadhari: penye taa nyingi pana fedha, uzazi mchache, pombe, na hospitali za kugundua ugonjwa. Kwa mtoto sababu ya kupunguza mwanga ni usingizi tu, kwa kuwa macho ya watoto yanaathiriwa na mwanga wa jioni kuliko yetu. Tafuta balbu ndogo ya rangi ya njano au nyekundu, iweke chini karibu na mlango isimpige machoni, na akishalala unaweza kuizima. Na televisheni isiwe chumbani mwake. Kumliza kila usiku kunamnyima usingizi ule ule unaotaka kuulinda.

Nimalizie vidonge. Melatonini ina matumizi yake, kwa mfano kwa anayesafiri mbali akavuka saa nyingi, lakini hakuna ushahidi kwamba kuimeza kunamkinga mwanamke na saratani au kunafuta miaka ya naiti. Marekani inauzwa kama kirutubisho, haipitii ukaguzi wa dawa. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini kutoka madukani, wakakuta zingine zina pungufu ya kilichoandikwa kwenye lebo kwa asilimia 83, na zingine zimezidi kwa asilimia 478. Kwa hiyo ukimeza viwili hujui umemeza nini. Inaweza pia kugongana na dawa za presha na za kuzuia damu kuganda, na kama unaimeza kabla ya zamu, unaingia leba ukiwa na kitu cha kukusinzisha mwilini. Acha leo. Chukua chupa uende nayo kwa daktari, umweleze umemeza kwa muda gani, kisha mpe mfamasia akuharibie vilivyobaki. Usimpe mwenzako mwingine wa wodini. Na kama yule aliyekuuzia bado anakudai, mlipe hela yake. Hakuwa na nia mbaya, naye sauti ile ilimfikia.